Siku 13 hadi Katuba: nikifuata brashi ya Tshibumba

Siku ya 1: Dar – Mikumi

Tumetoka Kurasini saa kumi alfajiri. Semi ina kontena moja, kabini ina watu watatu: dereva, tandiboi na mimi. Dereva nimemzidi miaka sita lakini namwita Kaka, kwa sababu gari ni lake na chakula cha njiani ni chake. Yeye ananiita Fundi. Ubavuni mwa gari hili herufi zote ni za mkono wangu, na ndiyo nauli niliyolipa.

Mimi ni mchora mabango wa Temeke. Salon, bucha, gereji, shule za chekechea, nimeandika zote. Siku hizi mtu anakwenda kuchapisha flexi asubuhi, jioni imeshatundikwa, ina picha ya mwanamke wa Kibrazili aliyesuka nywele vizuri. Zimenibakia kazi za malori na makaburi.

Binti yangu ndiye aliyenionyesha picha ile kwenye simu. Uwanja wa gereza. Mfungwa kalazwa kifudifudi, askari mweusi anamchapa, mzungu wa nguo nyeupe kasimama akiangalia, bendera ya Ubelgiji juu. Maneno *Colonie belge*, Koloni la Ubelgiji, yameandikwa kwa mkono. Nimechora maneno juu ya picha maisha yangu yote, najua jinsi yanavyopigania nafasi na picha. Hapa hayakupigana. Kona ya chini kulikuwa na saini: Tshibumba K.M.

Nikamtafuta. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa 1947 mjini Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, kusini mwa Kongo. Alichora kwenye nguo ya mifuko ya unga, akapita nyumba kwa nyumba kuuza. Mwaka 1973 alibisha hodi kwa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyekuwa akifundisha chuo kikuu pale mjini, amuuzie picha. Ikazaliwa kazi ya mwaka mzima: picha zipatazo 100, historia yote ya nchi yake kuanzia mababu hadi Mobutu, na kila picha akaieleza kwa mdomo huku kinasa sauti kinazunguka. Alikuwa akisema yeye si mchoraji tu, ni mwanahistoria.

Na lugha aliyoelezea ni Kiswahili. Hapo ndipo nilipomwambia Kaka aniwekee nafasi safari ijayo.

Mizani ya Vigwaza, foleni kwa saa mbili. Tumelala Mikumi, tembo wawili wamepita kando ya barabara kama watu wanaorudi kazini.

Siku ya 2 hadi ya 5: Kitonga, Mbeya, Tunduma

Kitonga tumepanda kwa gia ya chini, lori la mbele likitupulizia moshi usoni. Mbeya baridi. Halafu Tunduma, na Tunduma ni kukaa. Siku mbili tumesogea labda kilomita tatu.

Kwenye foleni tandiboi kaniuliza: kama ni wachoraji, si tunao Tingatinga kwetu? Tunao. Nimemfikiria sana Edward Saidi Tingatinga humu kabinini, maana yeye na Tshibumba karibu walipishana mlangoni. Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za madukani juu ya vipande vya hadibodi, akauza nje ya Morogoro Stores pale Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, basi. Miaka minne ya kazi, na mpaka leo kuna watu wanakula kwa jina lake.

Lakini mnunuzi wa Tingatinga alikuwa mzungu wa Oysterbay, chui wake na ndege wake wakapanda ndege kwenda Ulaya. Wachoraji wa Shaba, ndio Katanga, jimbo la Tshibumba, wa miaka ile ya 60 na 70 waliuza kwa mfanyakazi wa mgodi, karani, mwalimu, mwenye baa. Picha ilitundikwa sebuleni, karibu na redio, mgeni akiingia aione. Nimejaribu kukumbuka ni nani Temeke amewahi kuninunulia picha ya kutundika sebuleni kwake. Sijapata.

Tandiboi kasema chui wanapendeza zaidi. Sikubishana naye, alikuwa akichemsha chai.

Siku ya 6 na ya 7: Zambia

Nakonde, Mpika, Serenje, miti na miti. Kapiri Mposhi nimeiona reli ya TAZARA inapoishia, kilomita 1,860 kutoka nyumbani. Baada ya Ndola nchi inabadilika: mabomba ya moshi, vilima vya taka za mgodi, malori yanayotoka kule tunakoelekea yamebeba mabamba ya shaba yaliyofungwa mikanda. Kaka anasema kila shehena ya namna ile ni pesa nyingi kuliko nyumba yake, na inalala barabarani chini ya mtu mwenye tochi.

Shaba. Mobutu alipolitupa jina la Katanga, jimbo zima aliliita kwa neno hili letu, na jina likadumu hadi 1997.

Siku ya 8 na ya 9: Kasumbalesa

Sitaandika mengi kuhusu Kasumbalesa. Anayeijua anaijua. Vumbi, madalali, kadi ya homa ya manjano imekaguliwa mara tatu. Mbadilisha fedha mmoja kanipa noti ya dola tano yenye mchaniko mdogo pembeni kama jino la panya, na nimetembea nayo mchana kutwa: upande huu wa mpaka dola inapokelewa kila mahali, ila iwe haina kidonda. Jioni mama muuza bukari (ndio ugali wetu) akaishika juu ya taa, akacheka, akanirudishia. Kaka kanilipia.

Nilipanga niwaulize madereva wa Kikongo kama wanamjua Tshibumba. Wa kwanza kasema ni mchezaji wa Mazembe. Wa pili kasema ni jina la watu wa Kasai, na kweli wazazi wake walikuwa Waluba wa Kasai. Wa tatu kauliza anadaiwa nini.

Siku ya 10: Lubumbashi

Kutoka mpakani ni kama kilomita 90. Kabla hujauona mji unaliona bomba la kiwanda, na pembeni yake mlima mweusi wa taka za kuyeyushia. Nilikwishaujua huo mlima. Umo katika picha za mjini hapa kama Kilimanjaro inavyokaa kwenye kalenda zetu, na mchoraji akikosa cha kuweka nyuma ya picha anauweka huo. Kampuni ya Union Minière, leo Gécamines, ilianza kuyeyusha shaba hapa mwaka 1911, na kila kitu kingine mjini kimekuja kuizunguka.

Lori limeingia yadi kusubiri kushusha. Kaka kanikabidhi kwa kijana wa pikipiki anayemwamini. Kijana kaniita papa. Kwetu papa ni samaki mwenye meno, hapa ni baba, ni mtu wa heshima. Nikamwambia anipeleke wanakouza picha, akasema twende Kenya. Nikashtuka. Kenya ni kata ya mjini hapa, ina soko kubwa.

Picha zipo, sikatai. Vijiji vya jioni, wanawake na mitungi, na mabamba ya shaba yaliyogongwa nyundo yakatoa sura za watu. Kazi safi za mgeni kununua. Kabla hata ya uhuru mji huu ulikuwa na shule ya namna hiyo: mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyoitwa Le Hangar, wakatoka humo mafundi kweli kweli, Pili Pili Mulongoy, Bela Sara, Mwenze Kibwanga. Samaki wa Pili Pili utasema wanapumua. Ila ni samaki. Yaliyompata baba wa mnunuzi hayamo.

Tshibumba alichora yaliyompata baba wa mnunuzi. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walikusanyika kwenye uwanja wa mpira mjini hapa, wakamiminiwa risasi. Aliichora, miaka 30 na zaidi baadaye, yeye ambaye siku ile hakuwa amezaliwa. Nimemwomba kijana anipitishe upande wa kiwandani jioni wakati watu wanatoka zamu. Tumesimama dakika tano, mlinzi katuangalia, tumeondoka.

Siku ya 11: Shilatembo

Barabara ya Likasi, karibu kilomita 50, halafu vumbi. Hapa ndipo usiku wa tarehe 17 Januari 1961 walipouawa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Miili ilifukuliwa na kuyeyushwa kwa asidi. Mmoja wa walioifanya kazi ile, polisi wa Kibelgiji, alibaki na jino. Ubelgiji ililirudisha Juni 2022, likapitishwa hapa ndani ya jeneza kabla ya kwenda kuzikwa Kinshasa.

Hapana kelele. Msitu mwembamba wa miombo, mnara wa kumbukumbu, upepo.

Nilichapisha Dar nakala mbili kwenye karatasi nzuri, moja ya *Colonie belge* na moja ya kifo cha Lumumba kama alivyokichora Tshibumba. Hii ya pili nimeitoa nikaishika mbele ya mahali penyewe. Maiti tatu chini, Lumumba mbele, damu ubavuni. Nyuma, mbali, misalaba mitatu. Hakuna mtu aliyeweka misalaba mitatu Shilatembo mwaka 1961, na Tshibumba alilijua hilo. Alimwambia Fabian waziwazi kwamba kwake yeye Lumumba ni Yesu wa Zaire, jina la Kongo enzi za Mobutu. Basi akaupanda mlima wa Golgota katika pori la Katanga, na hakuomba ruhusa ya mtu.

Mchora mabango ndani yangu ameliona jambo jingine. Mwili hauna kivuli chochote cha kujionyesha kwamba huyu bwana anajua kuchora. Rangi imelala bapa, kama bango. Lazima usome, huwezi kusifia tu halafu upite.

Kijana wa pikipiki kaitazama kwa muda. "Njo vile," kasema, ndivyo hivyo. Kisha kauliza hii misalaba mingine miwili ni ya nani, nikamwambia Mpolo na Okito, naye akasema majina yao hakuwahi kuyajua. Nikawaza kama Tshibumba aliihesabu misalaba yake kwa ajili ya swali hilo hilo.

Siku ya 12: Katuba

Kijana ana babu. Ningejua nisingepoteza muda sokoni.

Nyumba iko Katuba, kata nyingine ya mjini hapa, matofali, bati, mwembe uani. Mzee amepita miaka 80, baba yake alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, mwenyewe alikuwa fundi umeme. Ameketi kwenye kiti cha plastiki, redio mapajani. Nimemsalimia, tumeulizana nchi, kasema Kiswahili changu ni cha kwenye redio. Kiswahili chake kina *bantu* na *batoto*, kimechanganywa na Kifaransa, na baada ya nusu saa masikio yangu yamefunguka nikawa simkosi hata neno.

Nimempa *Colonie belge*. Kaishika mbali, kaileta karibu, kaiweka gotini. Halafu kidole chake kikaanza kutembea. Huyu anapigwa. Huyu anayepiga ni mtu wetu, tazama, si mzungu anayepiga. Mzungu anahesabu. Hawa wanawake wamekuja kuleta chakula, wanalia. Nikasema ile ni kiboko, ngozi ya kiboko iliyokaushwa, kwetu mnyama na mjeledi vina jina moja. Kasema jina lolote ulipe, mgongo ni ule ule.

Karibu saa nzima kwa karatasi moja. Kaeleza shangazi aliyekuwa akipeleka chakula gerezani, ambaye hayumo kwenye picha, lakini sasa yumo. Nikauliza kuhusu miaka, maana kwenye nyingi ya picha hizi wameandika 1885–1959, na uhuru ulikuja 1960. Kanitazama kama mtoto wa darasa la pili.

"Sitini si ya kwao. Sitini ni ya kwetu."

Fabian aliandika kwamba watu wa hapa picha hizi waliziita ukumbusho. Nyumbani nilipolisoma neno hilo nilidhani ni kama ukumbusho wa harusi, kikombe chenye tarehe. Sivyo. Picha haikutundikwa ikumbuke kwa niaba yako. Ilitundikwa ili mtu aingie, aulize, na mwenye nyumba asiwe na budi kusema. Ndiyo maana Tshibumba aliweza kuandika Kifaransa kwenye nguo na kuieleza kwa Kiswahili: maandishi yalikuwa ya mlangoni tu. Na ndiyo maana aliweza kuuza picha ile ile mara nyingi bila kuona haya, kama mimi nilivyoandika neno "bucha". Kila sebule ilikuwa na shangazi wake.

Zile za historia ziko Amsterdam sasa, kwenye jumba la makumbusho, zimetunzwa vizuri. Tshibumba mwenyewe, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuna anayejua alikokwenda. Shaba ilikuwa imeanguka bei, vita viwili vimepita jimboni, 1977 na 1978, na mtu aliyekuwa akinunua picha kila alipopata mshahara alikuwa hapati mshahara.

Nikamuuliza mzee kama nyumba hii ilikuwa na yake. Akanyoosha mkono bila kugeuka. Ukutani, juu ya kabati, msumari. Mkubwa, wa kutu, peke yake.

"Pale mamba muntu ilikuwaka. Ya baba."

Mamba muntu, mwanamke nusu samaki, ndiye aliyeuzwa kuliko wote. Anakaa majini, ana nywele ndefu na saa mkononi, huleta utajiri kwa mtu na kuupokonya. Ile ya baba yake iliharibika kwa mvua bati lilipovuja. Msumari haukung'olewa kwa sababu hakuna aliyekuwa na sababu ya kuung'oa.

Kisha kaniuliza kazi yangu ni nini.

Siku ya 13: Katuba, bado

Kaka kapiga simu, mzigo wa kurudi haujapatikana, nina siku mbili.

Nimetafuta mfuko wa unga wa kitambaa Kenya yote. Haupo. Unga sasa unakuja kwenye viroba vya plastiki ya kusuka, rangi inakaa juu yake kama maji kwenye jani la mgomba. Mwishowe nimenunua marekani, ile nguo ya pamba isiyopaushwa, karibu sana na ya mifuko ya zamani. Vipande vinne vya mbao, misumari midogo, nimeivuta mpaka ikalia kama ngoma, nikapiga koti mbili za rangi nyeupe ya maji kuziba vitundu. Koti ya kwanza hunywewa yote. Ya pili ukiwahi kabla haijakauka inavunjika nyufa, kwa hiyo nimekaa chini ya mwembe nikisubiri, mzee akinisimulia wapi baba yake alinunua ile ya mwanzo, jinsi alivyoibeba kichwani siku ya mshahara, mama akagomba.

Nikaanza na maji, buluu. Mzee akasema yalikuwa ya kijani. Nikaweka kijani. Mkia, magamba, hapo niko nyumbani, ni kama kuandika herufi moja mara mia mbili. Uso ndio ulionitesa, nimezoea nyuso za salon. Mzee kasema asicheke. Nyoka awepo. Saa iwe mkono wa kushoto, ya dhahabu. Majirani wawili wamekuja, wakaongeza watatu, kila mmoja anamjua mamba muntu wake, na wawili wakabishana kabisa kuhusu nywele, kama ni za kizungu au za Kihindi.

Nilitaka kuandika jina lake juu kwa herufi zangu nzuri, zenye kivuli, zile nilizosifiwa Temeke nzima. Nikaacha. Nikaandika ndogo, bapa, chini.

Saa kumi na moja rangi ilikuwa bado mbichi lakini mzee hakutaka kusubiri. Kijana kapanda kwenye kiti, kaitundika. Msumari umeshika. Mzee kasogeza kiti chake, kaitazama kimya, mpaka nikaanza kuona makosa yangu yote.

"Fundi. Hii saa yake inasema saa ngapi?"

Sikuwa nimeweka mishale. Nilikuwa naelekea kuchukua brashi ndogo pale kijukuu cha kike, wa miaka sita hivi, kilipoingia kutoka shule na mkoba mgongoni, kikasimama katikati ya sebule, kichwa juu.

"Nkambo, huyu ni nani?"

Mzee akazima redio.